Mguu wa cherehani: Kifaa kidogo kinachomwepusha fundi na hasara kubwa

WIKI ya mwisho ya Ramadhani ni wiki ambayo vibaraza vya mafundi cherehani wa Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tegeta jijini Dar es Salaam havilali. Vitambaa vimerundikana juu ya meza, simu za wateja hazikatiki, na kila mteja anataka nguo yake kabla ya mwezi kuandama.

Ni katika wiki hiyo hiyo ndipo hasara hujitokeza. Zipu inakaa upande, sindano inakatika katikati ya gauni, satini inavutwa na kuacha michirizi, na fundi analazimika kufumua saa tano usiku kazi aliyodhani ameimaliza saa mbili.

Mteja aliyenunua kitambaa Kariakoo kwa fedha alizodunduliza miezi miwili hataki kusikia habari za cherehani. Kitambaa kikiharibika, fundi ama anakilipa, ama anashona bure, ama anagombana na mwenye mali mbele ya wateja wengine. Yote matatu ni hasara, na hilo la mwisho ndilo baya zaidi kwa sababu habari husambaa mtaa mzima.

Mengi ya makosa ya aina hii hayatokani na fundi kutojua kazi yake. Yanatokana na kulazimisha kifaa kimoja kifanye kazi ya vifaa vitano. Kifaa chenyewe ni kile kipande cha chuma chenye vidole viwili kinachoshuka na kukandamiza kitambaa chini ya sindano. Ndicho mguu wa kukandamizia, au kwa kifupi mguu wa cherehani.

Cherehani nyingi huuzwa zikiwa na mguu mmoja wa kawaida. Fundi anaununua nao, anazeeka nao, na anapouza cherehani yake anauuza nao. Hata hivyo, ipo miguu mingine iliyotengenezwa kwa kazi maalumu, na mingi kati yake haihitaji mashine mpya wala umeme. Inachohitaji ni bisibisi na dakika moja ya kubadilisha.

Kazi ya mguu ni nini?

Cherehani hushona kwa ushirikiano wa vitu vitatu. Sindano hupitisha uzi, meno yaliyo chini husukuma kitambaa, na mguu hukikandamiza kitambaa kwenye meno hayo ili kiende sawa bila kuruka. Mguu ukiwa haujakaa vizuri juu ya kitambaa, meno hayashiki sawasawa, na mshono hupinda hata kama mkono wa fundi umenyooka.

Teknolojia hii si mpya. Isaac Merritt Singer alipata hataza ya cherehani yake nchini Marekani mwaka 1851. Mwaka 1854 Mmarekani mwingine, Allen B. Wilson, alipata hataza ya meno yanayopanda, kusogea mbele, kushuka na kurudi nyuma. Mpango huo ndio unaotumika hadi leo katika cherehani zilizopo vibarazani. Kabla ya karne ya 19 kwisha, wanunuzi wa Singer walikuwa tayari wanapewa visanduku vya miguu ya ziada ya kupinda, kukunja marinda na kuongoza mshono.

Kwa maneno mengine, fundi wa Mbagala anayetumia cherehani nyeusi ya kukanyaga aina ya Singer au Butterfly anatumia mashine iliyobuniwa tangu mwanzo kubadilishiwa miguu. Kilichopotea njiani ni kile kisanduku.

Pima kwanza, nunua baadaye

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kununua mguu usioingia kwenye mashine yake. Ili kuepuka hasara hiyo, shusha mguu ulionao mpaka ukae juu ya kibati cha sindano, kisha pima kwa rula kutoka kwenye kibati hadi katikati ya skrubu inayoushika.

Ukipata karibu nusu inchi, yaani sentimita moja na robo, mashine yako inatumia miguu mifupi. Cherehani nyingi nyeusi za kukanyaga na mashine nyingi ndogo za nyumbani zimo katika kundi hili. Ukipata karibu inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu, mashine yako inatumia miguu mirefu. Mashine nyingi za kiwandani zinazoendeshwa kwa mota, kama vile za Juki zilizoenea mijini, zimo katika kundi hilo la pili.

Miguu ya makundi haya mawili haibadilishani. Mguu mrefu ukifungwa kwenye mashine ya mguu mfupi hautapanda wala kushuka inavyotakiwa, na mguu mfupi kwenye mashine ya mguu mrefu utaning'inia juu bila kugusa kitambaa.

Jambo la pili ni kuangalia kama mashine inashona mstari ulionyooka tu au pia zigizaga. Cherehani nyeusi ya kawaida hushona mstari ulionyooka tu. Miguu ya kuzungushia kingo kwa zigizaga na ya upindo usioonekana hufanya kazi pale sindano inapocheza kushoto na kulia. Fundi mwenye cherehani ya mstari ulionyooka akiinunua, amenunua pambo.

Njia salama kuliko zote ni kwenda dukani na mguu wako wa zamani mfukoni. Uweke sambamba na ule mpya. Shimo la skrubu, urefu, na tundu la kupitishia sindano vilingane.

Mguu wa zipu: wa kwanza kununuliwa

Kama fundi ana uwezo wa kununua mguu mmoja tu, mguu wa zipu ndio uanze. Mguu wa kawaida una vidole viwili. Kidole kimoja kinapopanda juu ya meno ya zipu, mguu mzima unalala upande. Hapo mshono hukimbia mbali na zipu, au sindano hugonga meno ya chuma na kukatika.

Mguu wa zipu una kidole kimoja chembamba chenye pengo la sindano pembeni. Kwa kuwa hakuna kidole cha pili, mshono unaweza kupita karibu kabisa na meno ya zipu. Kwenye mashine nyingi ndogo, mguu huu husogezwa kushoto au kulia kulingana na upande unaoshonwa. Kwenye mashine za kiwandani hutumika nusu mguu wa kushoto na nusu mguu wa kulia, ambayo madukani hutambulika kwa namba P36LN na P36N.

Ipo pia zipu ya kuficha, ile ambayo gauni likifungwa haionekani na badala yake unaonekana mstari kama wa mshono. Wateja wa magauni ya harusi na ya sherehe za kumuaga bibi harusi huipenda sana. Mguu wake una mifereji miwili chini. Meno ya zipu huingia ndani ya mfereji, yanafunguka, na sindano hupita ubavuni mwake.

Siri ya zipu hii ni mpangilio wa kazi. Zipu hushonwa kwanza, upande mmoja kisha mwingine, wakati mshono wa nyuma wa gauni bado uko wazi. Baada ya hapo ndipo mshono ulio chini ya zipu unafungwa kwa mguu wa zipu wa kawaida. Fundi anayefunga mshono kwanza halafu akatafuta pa kupachika zipu hujikuta anafumua. Kadhalika, pasi iwe ya moto mdogo kwa sababu meno ya zipu hizi ni ya nailoni na huyeyuka.

Upindo mwembamba wa mitandio

Shifoni na vitambaa vingine vyepesi huwasumbua mafundi wengi. Kupinda ukingo mara mbili kwa vidole huku kitambaa kinateleza huchukua muda mrefu, na mara nyingi upindo hutoka mnene hapa na mwembamba pale. Mtandio wenye upindo wa namna hiyo huonekana wa bei rahisi hata kama kitambaa chake ni ghali.

Mguu wa upindo mwembamba una kipande kilichojikunja kama konokono. Kitambaa kinapoingia humo hujikunja mara mbili chenyewe kabla ya kufika kwenye sindano. Miguu hii hupatikana kwa vipimo mbalimbali; milimita mbili na tatu hufaa mitandio, na milimita sita hufaa vitambaa vizito kidogo.

Mguu huu unahitaji mazoezi. Wengi huununua, hujaribu mara moja kwenye kazi ya mteja, huharibu, na kuutupa kwenye kopo la vifungo. Kinachotakiwa ni kupunguza kona ya kitambaa kwa mshazari, kupinda kwa vidole sentimita mbili za mwanzo na kuzishona kidogo, kisha kuvuta nyuzi za mwanzo huo ili kuingiza kitambaa kwenye konokono. Baada ya hapo mkono wa kulia hukiinua kitambaa kidogo mbele ya mguu na kukilisha kwa upana ule ule.

Kitambaa kikiingia kingi, upindo huvimba. Kikiingia kidogo, ukingo hubaki wazi. Fundi afanye mazoezi kwenye mabaki ya kitambaa cha aina ile ile, si kwenye pamba ngumu. Sehemu zenye mshono wa kukatiza, ziada ya ndani ipunguzwe, vinginevyo konokono huziba. Sindano nayo iwe nyembamba, namba 70 au 75, kwa sababu sindano nene huchana nyuzi za shifoni.

Marinda bila kuvuta uzi

Magauni ya watoto ya Idi na Krismasi huwa na marinda mengi. Njia ya kawaida ni kushona mistari miwili ya mshono mrefu kisha kuvuta uzi kwa mkono. Uzi ukikatika, kazi huanza upya.

Zipo njia mbili za mkato. Ya kwanza ni mguu mdogo wa kukusanyia, ambao hukunja kitambaa chepesi kadiri mshono unavyokuwa mrefu na uzi unavyokazwa. Ni rahisi kuutumia, lakini haufai kitambaa kizito.

Ya pili ni mguu mkubwa wa marinda wenye mkono unaoshika skrubu ya sindano. Kila sindano inapopanda na kushuka, mkono huo husukuma bati lenye meno na kukunja rinda. Huwa na namba 1, 6 na 12. Namba 1 hukunja kila mshono, 6 hukunja kila baada ya mishono sita, na 12 kila baada ya mishono kumi na miwili. Skrubu yake ya pembeni huongeza au kupunguza kina cha rinda.

Kabla ya kukata kitambaa cha mteja, fundi akate kipande cha sentimita 50 na kukipitisha. Kikitoka na sentimita 20, maana yake ni kwamba kila sentimita moja ya marinda inakula sentimita mbili na nusu za kitambaa. Gauni la mtoto lenye mzunguko wa sentimita 60 litahitaji sentimita 150. Hesabu hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na namba iliyotumika na urefu wa mshono.

Ifahamike kwamba mguu huu hautengenezi marinda mapana ya sketi za shule. Hayo bado ni kazi ya chaki, rula na pasi.

Paipingi, reksini na viti vya bajaji

Si mafundi wa magauni pekee wanaofaidika. Huko Keko, ambako watengenezaji wa samani wamejaa, makochi mengi hupambwa kwa paipingi kwenye kingo. Mguu wa paipingi una mfereji mmoja chini ambamo kamba iliyofunikwa kwa kitambaa hupita, huku sindano ikishona ubavuni. Mguu huo huo hutumika kwenye kola na mikono ya nguo za vitenge. Kitambaa cha kufunikia kamba kikatwe mshazari ili kipinde kwenye kona bila kujikunja.

Kwa wanaoshona viti vya pikipiki na bajaji, mabegi na pochi, tatizo ni reksini kung'ang'ania mguu wa chuma. Meno yanasukuma chini, mguu unashika juu, na mishono inakuwa mifupi na mirefu. Wengine hupaka mafuta au poda, jambo ambalo huchafua kazi. Mguu wenye kitako cha Teflon, au ule wenye magurudumu madogo, huteleza juu ya reksini na kuacha mishono iliyolingana. Mshono uwe mrefu kidogo, maana matundu yaliyokaribiana hugeuza reksini kuwa kama karatasi ya stempu, ikachanika.

Upo pia mguu unaotembea, wenye meno yake ya juu yanayosaidiana na yale ya chini. Huzuia kitambaa cha juu kuchelewa kuliko cha chini. Ni msaada mkubwa kwa anayetaka maua ya kitenge au mistari ya shati ikutane sawasawa kwenye mshono.

Mashati ya shule

Mwaka wa masomo Tanzania huanza Januari, na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 wazazi wameendelea kununua sare. Kwa hiyo miezi ya Desemba na Januari ni mavuno ya fundi kama vile Julai ilivyo kwa mkulima wa mahindi wa nyanda za juu.

Kwenye sare, kinachotazamwa ni mfuko, kola na mstari wa vifungo. Mguu wa kuongoza ukingo una kidole kimoja chenye springi ambacho hushuka kando ya ukingo na kulazimisha sindano ipite umbali ule ule, kwa mfano milimita moja na nusu au milimita sita. Mfuko wa shati la kwanza na wa shati la thelathini hutoka sawa, hata kama thelathini umeshonwa usiku na fundi amechoka. Mwalimu au mwenye duka akilinganisha mashati mawili na kuyaona hayana tofauti, hurudi na oda nyingine.

Hesabu yake inalipa?

Fundi mwenye akili ya biashara hanunui kifaa kwa sababu kinavutia. Anapiga hesabu. Bei hutofautiana kwa duka na msimu, kwa hiyo takwimu zifuatazo ni mfano tu wa namna ya kukokotoa. Kila mmoja aweke zake.

Tuseme fundi wa Mbagala anashona magauni sita yenye zipu kwa wiki. Kwa mguu wa kawaida, zipu moja inamchukua dakika 35 pamoja na kufumua. Kwa mguu wa zipu inamchukua dakika 15. Ameokoa dakika 20 kwa gauni, sawa na saa mbili kwa wiki. Ikiwa gauni moja huchukua saa nne na hulipiwa Sh15,000, saa mbili ni sawa na nusu gauni, yaani Sh7,500. Mguu ukinunuliwa Sh8,000, fedha imerudi baada ya wiki moja na siku chache.

Sasa tuchukue mguu mkubwa wa marinda wa Sh35,000. Ikiwa fundi huyo anashona magauni mawili tu ya marinda kwa mwezi na kuokoa saa moja kwa kila gauni, faida yake ni Sh7,500 kwa mwezi. Atasubiri karibu miezi mitano. Si vibaya, lakini si wa kuanza nao. Kwa fundi anayeshona magauni ya watoto tu, hesabu hugeuka.

Mfano wa tatu ni kifaa cha matundu ya vifungo kinachofungwa kwenye cherehani ya kawaida. Tuseme kinauzwa Sh60,000, na fundi amezoea kupeleka mashati kwa mwenye mashine ya matundu kwa Sh500 kwa shati. Akiwa na mashati 40 kwa msimu wa sare, anaokoa Sh20,000, na itamchukua misimu mitatu kurudisha fedha. Juu ya hayo, shati lenye matundu sita ya dakika mbili mbili linamla dakika 12. Ni afadhali aendelee kupeleka kwa jirani, isipokuwa kama na yeye atapokea mashati ya majirani.

Lipo onyo moja katika hesabu hizi. Muda uliookolewa hugeuka fedha pale tu oda zinapokuwepo. Katika miezi mikavu, kumaliza gauni mapema hakuongezi shilingi. Faida inayobaki ni ubora na kutolipa kitambaa kilichoharibika. Lakini hiyo nayo si ndogo: kitambaa kimoja cha harusi kikiepushwa na ajali, kimelipia miguu kadhaa.

Jihadhari na seti

Madukani na kwenye intaneti huuzwa seti za miguu 32 kwa bei inayoonekana rahisi ukiigawa kwa mguu mmoja mmoja. Nyingi ya seti hizo zimetengenezwa kwa mashine za nyumbani za zigizaga zenye miguu mifupi ya kubana bila skrubu. Mwenye cherehani ya mstari ulionyooka hupata mitatu au minne inayomfaa. Kama anayoihitaji ni miwili, ainunue hiyo miwili.

Aidha, baada ya kufunga mguu wowote mpya, fundi azungushe gurudumu la cherehani kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kukanyaga. Sindano ikigusa chuma, asiendelee. Sindano inayogonga mguu huvunjika na vipande vyake vinaweza kuruka machoni. Inaweza pia kuharibu sehemu inayoshika uzi wa chini, na matengenezo yake ni ghali kuliko mguu wenyewe. Skrubu ikazwe kwa bisibisi badala ya vidole.

Mguu wa bei rahisi wenye kingo zilizokwaruza huvuta nyuzi za satini. Ukipitisha kucha chini yake na ikakwama, uuache dukani.

Fursa kwa wafanyabiashara wadogo

Kwa wenye maduka ya uzi na vifungo huko Tandika, Manzese au Bunju, kifaa hiki ni bidhaa nzuri: kidogo, hakiozi, na hakichukui nafasi. Mwenye duka aanze na mguu wa zipu, wa zipu ya kuficha na wa upindo mwembamba, kwa urefu wote mawili, na avitenge katika visanduku viwili vilivyoandikwa wazi. Akiwa na cherehani moja kuukuu dukani ya mteja kujaribia, atauza zaidi na kurudishiwa bidhaa mara chache.

Soko halipo Dar es Salaam tu. Katika vijiji vya pamba vya Simiyu na Shinyanga, na hata huko kwenye korosho za Mtwara na Lindi, msimu wa mauzo ya mazao ndio msimu wa nguo mpya, na fundi wa kijijini huwa na cherehani ya kukanyaga na mguu mmoja. Mkulima aliyemnunulia binti yake cherehani kwa fedha ya mazao akimwongezea na miguu miwili mitatu, atakuwa amemwongezea kipato kwa gharama ya debe chache za mahindi. Mchuuzi wa minadani anayebeba sindano na uzi anaweza kubeba na miguu bila kuongeza mzigo.

Kununua kwa pamoja na kujifunza

Mafundi wanne wanaokaa kibaraza kimoja hawana sababu ya kununua miguu minne ya aina moja ambayo haitumiki kila siku. Kila mmoja anaweza kununua wa kwake tofauti na wakaazimana, mradi mashine zao ni za kundi moja. Mguu wa zipu tu ndio kila mmoja awe nao, kwa kuwa hutakiwa kila saa.

Kwa wanaotaka mafunzo, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (Veta), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Chang'ombe wilayani Temeke, na ushonaji ni miongoni mwa fani zinazofundishwa na mamlaka hiyo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (Sido), lililoanzishwa mwaka 1973, huwasaidia wenye viwanda vidogo kwa ushauri na mafunzo.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliowekwa kisheria mwaka 2018 ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mkopo wa namna hiyo unafaa kwa ovaloki au mashine ya mota. Mguu wa cherehani ununuliwe kwa fedha ya kazi ya wiki. Anayekopa kwa ajili ya kifaa cha bei ya gauni moja hajapanga biashara yake.

Ushindani ni mkali. Fundi wa pembezoni mwa jiji anashindana na mitumba kwa bei na nguo za madukani zitokazo China na Uturuki kwa umaliziaji. Kwa bei, mitumba humshinda. Silaha aliyonayo ni nguo iliyopimwa kwa mwili wa mteja na kumaliziwa vizuri kiasi kwamba mteja haoni tofauti na ya dukani. Zipu iliyonyooka, upindo mwembamba na mfuko uliokaa sawa ndivyo mteja huvitazama kwanza anapogeuza nguo mikononi.

Hivyo basi, kabla ya msimu ujao haujafika, fundi achukue rula, apime mguu wa cherehani yake, aandike kipimo kwenye daftari, na atenge fedha ya mguu mmoja wa zipu. Afanye mazoezi sasa wakati kazi ni chache. Mwezi ukikaribia kuandama, hakuna atakayempa nafasi ya kujifunza.